Usilaze Kisu Chako na Maji

Hebu chomoa kisu chako cha kazi uangalie pale chuma kinapoingia kwenye mpini. Kuna rangi ya kahawia? Basi tuongee.

Karo iliponilemea niliacha chuo, nikaenda Tabaka, hapa Kisii, kujifunza kuchonga mawe ya sabuni. Pesa zangu za mwisho zilinunua msumeno, patasi, tupa na visu viwili. Siku moja nilimaliza kiboko wa jiwe jeupe, nikamlaza akiwa bado mbichi juu ya kisu kilicholowa, nikaenda zangu. Asubuhi tumbo lilikuwa na alama ya kutu. Mteja akamkataa, na hiyo ndiyo ilikuwa pesa ya nyumba.

"Mwanangu, jiwe halina makosa," mzee aliyenifunza akasema. "Ni wewe umelaza kisu na maji."

Kwa kazi hii maji huwezi kuyakwepa. Jiwe hulowesha ili kupunguza vumbi, na msasa hupigwa kwa maji. Lakini kuna adui mwingine unayembeba mwenyewe: jasho. Lina chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Hata vile vyuma vya steinlesi, vinavyokingwa na utando mwembamba wa oksidi ya kromiamu, chumvi huvitoboa vijishimo. Ndiyo maana wanaofuga samaki wa baharini kwenye matangi ya vioo husuuza mikasi yao kwa maji yasiyo na chumvi kila wakimaliza kuitumia.

Sasa fanya hivi. Ukimaliza kazi, suuza kisu kwa maji safi. Kifute kwa kitambaa kikavu, hasa pale kwenye mpini maana maji hujificha hapo. Paka tone la mafuta ya cherehani. Ya kupikia huganda na kunata. Usikifunge kwenye gunia bichi. Kesho yake futa mafuta kabla hujagusa jiwe, yasije yakaacha doa.

Kutu imeshaanza? Isugue kwa msasa mwembamba, noa kwa tupa, kausha, paka mafuta.

Na wewe wa Nyamira mwenye panga la nepia au kisu cha kupogolea majani chai, usijitoe. Utomvu na umande hufanya kazi ileile.

Ni dakika mbili tu, buda. Kisu changu cha kwanza bado ninacho. Kimepungua, ndiyo, lakini kwa kunolewa, si kwa kutu.