Pakiti za unga zilivyogeuka taa ya Kijapani kejani mwangu

Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, mathe aliniuliza swali moja tu: “Sasa utafanya nini?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa na simu, keja ya kupanga na rundo la pakiti tupu za unga.

Usiku mmoja nikiperuzi mtandaoni nikakutana na taa za Akari. Isamu Noguchi, mchongaji Mmarekani ambaye babake alikuwa Mjapani, alianza kuzibuni mwaka 1951 baada ya kutembelea mji wa Gifu, Japani, unaosifika kwa taa za karatasi. Fundi huzungushia kalibu ya mbao vijiti vyembamba vya mwanzi, kisha hubandika karatasi ya gome la mforosadi. Ikikauka, kalibu inatolewa kipande kwa kipande. Taa inabaki nyepesi, tupu ndani.

Mimi sina mwanzi wala kalibu. Nilinunua baluni, nikaizungushia waya mwembamba uliobaki kwa mjengo, nikabandika vipande vya pakiti kwa gundi ya unga wa ngano.

Ya kwanza nilipasua baluni kabla gundi haijakauka, ikalala chini kama chapati. Ya pili niliiwekea balbu ya kizamani, ile inayochoma vidole, na karatasi ikaanza kunuka moshi. Usicheze hapo, msee. Weka balbu ya LED, isiguse karatasi, na nyaya za stima aunganishe fundi. Ya tatu niliiacha ikauke siku mbili. Ikasimama.

Wajapani wana neno mottainai: ule uchungu wa kuona kitu kikitupwa kabla hakijamaliza kazi yake. Profesa Wangari Maathai alikutana nalo Japani mwaka 2005, akalipeleka kote duniani. Sisi huku bado tunatupa pakiti.

Sitakudanganya kwamba nimeomoka. Nimeuza moja tu, kwa jirani, Sh700. Hiyo hata haigusi rent.

Lakini wiki jana mathe alikuja. Taa ilipowaka, jina la unga likaonekana kwa mbali kupitia karatasi, herufi zikiwa kinyume. Akasogea, akakodoa macho.

“Hii si ile unga niliyokuletea mwezi jana?”

“Ndiyo, mathe.”

Alicheka, kisha akasema nimtengenezee ya sebuleni. Lile swali lake hakulirudia.