Parramatta yamkumbuka daktari wa meno aliyekuwa rubani

Kwa wapenzi wa ndege, bustani ya Parramatta, magharibi mwa Sydney, ina historia ya pekee. Tarehe 29 Juni 1912, umati ulikusanyika hapo kuwasubiri marubani wawili walioshiriki mashindano ya kwanza ya ndege nchini Australia.

Alitua mmoja tu: William Hart, daktari wa meno mzaliwa wa mji huo, ambaye mwaka 1911 alipata leseni nambari 1 ya urubani nchini humo. Mpinzani wake Mmarekani, Arthur Stone, alipotea njia. Enzi hizo rubani alitegemea macho yake. Ardhi isipoonekana, hakujua aliko.

Mwaka huohuo Hart alianguka na ndege, akajeruhiwa vibaya. Hatimaye alirejea kwenye udaktari wa meno. Kumbukumbu yake ingali bustanini.