Karavani ya zamani mu shamba: musianze na moto



Koperative moja ya kandokando ya barabara ya Likasi–Kolwezi ilituletea ulizo. Ku mwisho wa shamba la mwanamemba wao kuko karavani, ile nyumba ya magurudumu ambamo watu wa chantier walikuwa wanalala wakati wa kazi. Kazi iliisha, watu walienda, karavani ilibaki. Mipira imeoza, shasi imezama mu udongo, mlango umeanguka, na leo ni nyumba ya panya na nyigu. Mwenye shamba anataka kulima pale mbele ya mvula. Shauri alilopewa na majirani ni moja tu: mwaga mazuti, washa kiberiti, kesho kunabaki vyuma vya kuuzisha.

Hili shauri tunalisikia mara mingi, kwa karavani, kwa nyumba za triplex za kambi za utafiti wa madini, hata kwa bodi za kamiyo zilizokufa. Linaonekana kuwa la bei ndogo kuliko yote. Lakini njo linaloharibu shamba zaidi. Tueleze kwanza juu ya nini, halafu namna ya kuiondoa kwa mikono ya watu, kriki na magogo.

Mule ndani muko nini

Ukiiangalia kwa mbali unaona bati na mbao. Lakini ukuta wa karavani una sehemu tatu: nje bati ya aluminiumu, ndani triplex nyembamba, katikati mousse ya polistireni ao ya poliuretani ya kuzuia joto na baridi. Chini wametandika linoleum ya PVC. Mousse ya poliuretani ikishika moto, moshi wake una sianidi, na mutu anayeuvuta kwa karibu anaweza kuanguka na kufa. PVC ikiungua inazaa dioksini. Hiyo haiendi na upepo yote. Inashuka na majivu, inakaa mu udongo miaka mingi, kuku wanadonoa pale, na inaingia mu mayai. Mukulima anafikiri amesafisha shamba, kumbe watoto wake wanaikula kidogo-kidogo ku meza.

Kisha kuko plombo. Inapatikana mu batri na mara mingi mu rangi ya zamani. Plombo haiozi. Mvula haiibebi mbali. Inabaki karibu yote mu udongo wa juu, pale penyewe mizizi ya mboga inakula. Inaharibu akili ya watoto wadogo, na hao njo wanaocheza mu mavumbi na kutia vidole mu kinywa. Lengalenga na mboga zingine za majani zinashika hayo mavumbi ku majani yake, na kuosha hakuondoi yote.

Frigo ya karavani, ile inayotumika na gazi, si sawa na frigo ya duka. Ndani ya mirija yake muko amonia, na mu zile za zamani hata kromati, dawa ya kuzuia kutu, ambayo ni sumu. Musikate mirija yake hata kama munaona ni chuma kizuri. Na chupa ya gazi, hata ile munayosema ni tupu, ikipata moto inapasuka kama bomu.

Kuko pia eterniti. Wengi wetu tunaijua ku manyumba ya zamani ya kambi za wafanyakazi. Mu nyumba za chantier za zamani waliitia ku kuta, ku dari na nyuma ya jiko. Eterniti ya zamani ina amianti. Ikivunjwa ao ikikatwa na msumeno, inatoa nyuzi ndogo sana ambazo jicho halioni. Zikiingia mu mapafu hazitoki, na ugonjwa wake, hata kansa, unaweza kukuja nyuma ya miaka 20 ao 40. Njo maana fundi atakuambia: «Mimi nimekata eterniti maisha yote na sina kitu.» Anasema kweli ya leo. Ya kesho hajaijua.

Neno moja kwa wenzetu wa pande ambako kulikuwa vita: kama waaskari walikaa mu ile karavani, musiingie, musipige jembe kandokando, musipeleke watoto kuangalia. Mujulishe chefu na serikali ya pale, waite watu wa kutegua mabomu. Mu inchi yetu kazi hiyo inaongozwa na CCLAM.

Ni ya nani?

Hapa njo pana magomvi mingi kuliko ku kazi yenyewe. Shamba ni lako, lakini karavani si yako kwa sababu tu imelala kwako. Ukiichoma ao ukiikata, mwenyewe anaweza kukuja na karatasi na kuomba alipwe, na kitabu cha tatu cha Kodi Sivile, artikle 258, kinasema anayeleta hasara kwa mwengine anapashwa kuitengeneza. Ni kweli pia upande wa pili: ile artikle inakusaidia wewe kumuomba akulipe hasara ya misimu haukulima.

Basi muanze na karatasi. Mupige picha pande zote, muandike namba za plaki na za shasi kama zinaonekana. Muite chefu wa localité ao wa groupement afanye PV mbele ya mashahidi wawili watatu. Kama mwenye nayo anajulikana, mumuandikie barua, mumpe tarehe ya kuiondoa, na mubakishe kopi yenye sinyatire ya aliyeipokea. Asipojibu, mupeleke PV na barua ku sekta, na kama ni lazima ku tribinali ya amani. Inachosha, najua. Lakini ile kopi moja imeokoa watu wengi kuliko wakili.

Kama ni kampuni ya utafiti ao ya uchimbaji iliyoiacha, muko na nguvu zaidi. Kodi ya migodi ya 2002, ile iliyobadilishwa mu 2018, inamlazimisha mwenye ruhusa atengeneze mahali alipofanyia kazi na alipe mukulima aliyezuiliwa udongo wake. Mupitie ku Divisheni ya migodi ya jimbo. Na sheria 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inasema kama anayezalisha takataka, na vilevile anayezishika, anapashwa kuziangalia vizuri. Ile «anayezishika» inawahusu na nyinyi: musiikokote usiku na kuiangusha mu bonde la jirani ao kando ya mto.

Swali lingine lilitoka mulemule mu ile barua: nani analipa? Shamba ni la mwanamemba mmoja, si la koperative. Kwa mawazo yangu, kasha la koperative lisiguswe mpaka mkutano ukubali na iandikwe mu kitabu, hata kama pesa ni kidogo. Na mbele ya kugusa bulo moja, muandike pesa ya vyuma itaenda kwa nani. Nimeona komite ikivunjika kwa kilo chache za aluminiumu.

Kuitoa

Wakati mzuri ni kiangazi, mwezi wa 7 mpaka wa 9, udongo ukiwa mgumu. Nyuma ya mvula ya kwanza magurudumu yatazama na mutapoteza siku mbili kwa mita kumi.

Kwanza mufukuze nyigu na nyoka: mufungue madirisha, mupige kuta na fimbo ndefu, mungojee. Kisha mutoe chupa za gazi, batri na frigo, kila kimoja kizima. Batri muibebe ikiwa imesimama, asidi isimwagike, na muiuzishe nzima. Mazuti na mafuta ya moteri yaliyobaki yaingie mu bidon yenye kifuniko.

Karavani ya kawaida ikiwa tupu ina uzito wa kama tani moja ao moja na nusu. Kama shasi ingali na nguvu, hakuna lazima ya kuivunja. Muchimbe kandokando ya magurudumu, mutie mbao nene chini ya kriki, muinue shasi yenyewe, si sakafu, upande mmoja kisha mwengine, na kila mara mupange magogo chini kabla ya kuendelea. Mutu asiingie chini hata kidogo. Kama mipira imekufa, musukume juu ya magogo ya mikaratusi yenye unene mmoja, mukitoa la nyuma na kulipeleka mbele. Ku mteremko mufunge kamba ya nyuma, muizungushe mara mbili ku mti wenye nguvu, mutu mmoja aiachilie polepole, na watoto wawili wakubwa watembee pembeni na mawe ya kuzuia. Kama trakta inavuta, hakuna mutu kusimama mu mstari wa kamba ya chuma. Ikikatika inakata mguu.

Kama shasi imevunjika, muivunje palepale, lakini juu ya bashi. Bila bashi, punje za polistireni zinatawanyika mu shamba zima, mbuzi wanazikula na zinabaki tumboni. Mutoe vioo, makabati, triplex, mousse, kisha bati, kisha mbao, na shasi ya mwisho. Vyuma mukate na msumeno wa mkono. Shalimo isikaribie mousse. Eterniti muilowanishe na maji yenye sabuni kidogo, mutoe misumari pole, mushushe mabamba mazima, muyafunge mu plastiki nene mara mbili. Kitambaa ku pua hakizuie zile nyuzi. Inaomba maski ya FFP3. Mukikosa mahali pa serikali pa kuyapeleka, muchimbe shimo la kina mbali na visima na mashamba, muandike pahali mu PV ili mutu asifukue kesho.

Shasi nzuri inafanya rimoke ya koperative kwa kubeba magunia. Mbao na madirisha vinapata kazi. Bati yenye rangi ya zamani muiuzishe kwa wanunuzi wakubwa wa vyuma, si kwa fundi wa sufuria wa ku kijiji, juu sufuria za vyuma vilivyoyeyushwa pamoja zinaweza kutoa plombo mu chakula.

Udongo wa chini yake

Ule udongo umekaliwa miaka. Umekazana, hauna hewa. Mahali pasipo doa mulime kwa kina cha sentimita 30, mutie majani ya tithonia na samadi, na mwaka wa kwanza mupande mucuna ao mbaazi, mizizi yake ifungue udongo. Mahindi yakuje msimu wa pili.

Mahali penye doa la mafuta ao palipokuwa batri ni shauri lingine. Mutoe sentimita 20 za juu, mutie mu magunia, musizitupe mu mto. Kwa sababu udongo wetu wa Haut-Katanga una asidi, na asidi inafungulia plombo njia ya kuingia mu mimea, mutie chokaa ya kulimia na mboleo nyingi. Hata hivyo, pale musipande lengalenga, sombe, karoti wala viazi. Pandeni miti ya kuni ao majani ya kufunika udongo, na watoto wacheze upande mwengine.