Mikono ya Msusi Nayo Huugua



Mwaka jana kikundi kimoja cha kina mama wasusi wa viondo kiliniita nikasaidie kusuluhisha kesi. Mama mmoja alikuwa ameshindwa kuleta viondo vyake miezi miwili mfululizo, na kwa kanuni zao alipaswa kulipa faini. Wenzake walisema amekuwa mvivu, tena mchana anaonekana sokoni akisuka watu nywele. Yeye alinyamaza tu. Nilipomwomba atie sahihi kwenye kitabu, kalamu ikamwanguka mara mbili. Kumbe kila usiku alikuwa anaamka kukung'uta mkono uliokufa ganzi, na alificha kwa kuogopa ataondolewa kwenye oda ya Krismasi.

Nami nikiri kosa langu. Miezi kadhaa kabla ya hapo nilimwona akijikanda kifundo cha mkono, nikamwambia hiyo ni baridi.

Hebu shika kifundo cha mkono wako upande wa kiganja. Hapo ndani kuna njia nyembamba: chini ni mifupa, juu ni utepe mgumu. Humo hupita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kano hizo zikivutwa kutwa nzima huku kifundo kimepinda, ngozi laini inayozizunguka huvimba. Njia yenyewe haipanuki, basi anayebanwa ni huyo mshipa wa fahamu. Yeye ndiye huleta hisia kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete. Kidole cha mwisho huwa kizima. Ukiona ganzi ya namna hiyo, tena inakuja usiku, usiseme ni baridi kama nilivyosema mimi. Wajawazito na wenye ugonjwa wa sukari hupatwa kwa urahisi zaidi.

Wako wengine ambao uchungu uko kwenye shina la gumba, hasa wakikamua nguo au kuinua mtoto. Hao ni kano za gumba zimevimba. Na wasusi wa nywele wengi hulalamika bega na shingo kwa sababu ya kusimama saa nyingi mikono ikiwa juu.

Si ugonjwa wa kisasa. Daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, aliandika mwaka 1713 juu ya makarani ambao mikono iliwaharibikia kwa kuandika kutwa. Na kalamu ina uzito gani? Kinachoumiza ni kurudia kitu kile kile bila kupumzika.

Sasa tufanye nini, maana hatuwezi kuacha kazi? Anza na kiti. Mteja wa nywele asikae juu sana hata ukamsuka mikono ikiwa juu ya bega, wala chini sana hata ukajikunja kama ndoano. Kichwa chake kiwe karibu na usawa wa kifua chako, viwiko vyako vikae karibu na mbavu. Mzunguke yeye, au mwambie ageuze kichwa, badala ya kupinda kifundo ili ufikie kisogo. Mpini wa kitana ukiwa mwembamba, uzungushie kipande cha tyubu ya baiskeli, vidole visibane sana. Wa viondo, msisokote katani jioni nzima halafu kesho yake mkasuka kutwa nzima. Changanyeni: saa moja kusokota, saa moja kusuka, kisha kazi nyingine kabisa. Na kila nusu saa hivi weka kazi chini dakika mbili, fungua na ufunge vidole, shusha mabega.

Najua mtaniambia mteja wa rasta ndogo ndogo ana haraka. Basi msukeni wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, mgawane pesa. Na rasta ndogo ziwe na bei yake, maana zinakula saa nyingi. Tukumbuke pia kwamba mkono huo huo umeamka alfajiri kukamua ng'ombe, ukabeba mtungi, ukafua. Nyumbani kuna mabwana na vijana wenye mikono mizima, wafue siku mbili tatu kwa wiki.

Mwenye ganzi ya usiku alale kifundo kikiwa kimenyooka. Kadibodi iliyofungwa kwa kitambaa laini inasaidia kwa kuanzia, lakini isikazwe hata vidole vikavimba. Msichanje chale, wala msikande kwa nguvu mahali palipovimba. Vidonge vya maumivu vya dukani msivimeze kila siku, vinaweza kuumiza tumbo na figo. Ganzi isipoisha wiki chache, au vitu vikianza kukuponyoka, au nyama ya shina la gumba ikianza kunywea, nenda hospitali bila kungoja mavuno. Kuna sindano, kuna na operesheni ndogo, lakini mshipa uliobanwa muda mrefu huenda usirudi kama zamani. Jiandikisheni SHA, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua mahali pa NHIF. Sheria ya fidia ya kazini ya mwaka 2007 inamhusu aliyeajiriwa. Sisi tunaojifanyia kazi wenyewe tunategemea sanduku la kikundi.

Kikundi kile kilifuta faini na kuongeza kanuni moja: mwenye kuumwa mkono aseme mapema, apewe kazi nyingine kwenye oda ile ile na asipoteze fungu lake. Mama yule alifanyiwa operesheni mwezi wa Machi. Usiku analala. Gumba bado halina nguvu yake yote, kwa hivyo siku hizi yeye ndiye anayechagua rangi na kukagua viondo kabla havijapelekwa sokoni, na wenzake wanasema ana jicho kali kupita kiasi.