Ndiva ya Joto: Pampu ya Joto la Ardhini na Mazingira ya Upare

Tangu enzi za mababu, wakulima wa Milima ya Upare wamejenga mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku, na asubuhi hufunguliwa yateremke mashambani. Maji huteremka yenyewe. Kuyapandisha kwahitaji pampu na nishati.

Joto nalo lina tabia hiyo: kwa asili hutoka penye joto jingi na kwenda penye joto dogo. Chombo kinacholipeleka kinyume ni pampu ya joto, ambayo William Thomson wa Uingereza aliieleza mwaka 1852. Jokofu ni mfano wake: huchota joto la chakula na kulimwaga nje.

Katika nchi za baridi, kama Uswidi, nyumba nyingi hupashwa joto lililochotwa ardhini. Maji huzungushwa katika mabomba yaliyofukiwa na kupata joto la udongo. Joto hilo huchemsha kiowevu maalumu ambacho huchemka hata penye baridi. Kompresa huukandamiza mvuke wake, nao huzidi kuwa moto. Mvuke huo huyapa maji ya nyumbani joto lake na kurudi kuwa kiowevu. Kisha hupita katika vali, kanieneo hushuka, kiowevu hupoa, na mzunguko huanza upya. Kwa fungu 1 la umeme, nyumba hupata mafungu 3 hadi 4 ya joto. Mafungu ya ziada hayakuumbwa. Yamehamishwa tu kutoka ardhini.

Joto hili si lile la Olkaria, Kenya, ambako mvuke wa ardhini umezalisha umeme tangu mwaka 1981. Joto la udongo wa juu hutokana hasa na jua. Kuanzia kina cha mita 10 hivi, halibadiliki sana mwaka mzima, nalo hukaribiana na wastani wa joto la hewa la mahali hapo.

Je, pampu hii yafaa Same? Mji huo uko kwenye kadiri ya mita 870. Kilele cha Shengena kina mita 2,462. Kwa kuwa hewa hupoteza nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000, tofauti yake yafikia nyuzi 9 au 10. Milimani, baridi ya Juni hadi Agosti huhitaji moto, na pampu ingeokoa kuni. Lakini gharama ya kuchimba na ya umeme ni kubwa. Mjini Same nyumba huhitaji kupozwa. Pampu yaweza kugeuzwa ili imwage joto udongoni, ila hakuna majira ya baridi kali ya kulichota tena. Udongo ungezidi kupata joto mwaka hadi mwaka, mfano wa ndiva inayojazwa bila kufunguliwa.

Kwa nyumba ya kawaida ya Same, basi, kivuli, kuta nene na madirisha yapitishayo upepo vyatangulia. Pampu ingefaa zaidi penye haja ya ubaridi na maji ya moto kwa pamoja, kama hospitalini, ambako joto linaloondolewa vyumbani lingepasha maji.

Wanafunzi waweza kujipimia wenyewe: wachimbe shimo la mita 1, washushe kipimajoto, walifunike, kisha wasome alfajiri na saa 8 mchana. Wailinganishe tofauti hiyo na ile ya hewa.