Je, Wajua? Mtakatifu Benedikto, Kijana Aliyejificha Pangoni

Mkate wake ulishushwa kwa kamba yenye kengele
Benedikto alizaliwa Nursia, katikati ya Italia, karibu mwaka 480, akapelekwa Roma kusoma. Anasa za jiji zilimchukiza, akaacha masomo na kwenda kujificha katika pango huko Subiaco kwa miaka 3. Siri hiyo aliijua mmonaki mmoja tu, Romano. Yeye alijinyima sehemu ya mkate wake, akaifunga kwenye kamba na kuishusha kutoka juu ya jabali, na kengele ndogo ikamjulisha aliye chini kwamba chakula kimefika. Siku moja wachungaji walimwona vichakani amevaa ngozi, wakadhani ni mnyama wa mwitu! Mambo haya tunayapata kwa Papa Gregori Mkuu, aliyeyaandika karibu mwaka 593 baada ya kuyasikia kwa wanafunzi wanne wa Benedikto mwenyewe.

Wamonaki wake wa kwanza walimtilia sumu
Sifa zake zilipovuma, wamonaki wa jirani walimwomba awe abate wao, yaani mkuu wa monasteri yao. Aliwaonya kwamba tabia zao na zake hazitapatana, nao wakamsihi mpaka akakubali. Haukupita muda, wakachoka kukatazwa, wakamtilia sumu kwenye divai. Gregori anasimulia kwamba Benedikto alifanya ishara ya msalaba na chombo kikapasuka vipande vipande. Aliwaombea msamaha kwa Mungu, akarudi zake upweke. Ajabu ni kwamba watu walizidi kumfuata huko huko, hata akaanzisha Subiaco monasteri 12, kila moja ikiwa na wamonaki 12.

Kanuni yake inazungumzia hata visu vya kitandani
Karibu mwaka 529 alihamia Monte Cassino, mlima ulio kati ya Roma na Napoli, mahali palipokuwa na hekalu la mungu Apolo. Huko ndiko inakoaminika aliikamilisha Kanuni yake ya maisha ya wamonaki: sura 73, kitabu kifupi kuliko Injili ya Luka. Ukikifungua ukitarajia mafumbo mazito, utakuta mtu anayewaza usingizi, jiko na mlango. Wamonaki walale wamevaa nguo zao, wawe tayari kuamkia sala ya usiku, lakini visu waviweke kando wasije wakajikata usingizini. Kila mmoja apate ratili moja ya mkate kwa siku. Kuhusu divai, Benedikto anakiri kwamba haiwafai wamonaki hata kidogo, ila kwa kuwa wa zama zake hawashawishiki, basi angalau wanywe kwa kiasi. Kanuni hiyo kali ina huruma ya mzazi anayewajua wanawe.

Sura ninayoipenda kuliko zote ni ya 3. Jambo kubwa likitokea, abate awaite wote barazani na kuwasikiliza, hata walio wadogo, kwa sababu mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo bora. Fikiria hilo linaandikwa katika Italia ya karne ya 6, vita vikiwaka kila upande!

"Sala na Kazi" haimo katika Kanuni
Kaulimbiu hiyo mashuhuri ya Wabenediktini, wamonaki wanaoifuata Kanuni hiyo, ilikuja karne nyingi baadaye. Hata hivyo inaifaa Kanuni yenyewe, maana humo zaburi zote 150 husaliwa kila wiki, na saa za kazi za mikono na za kusoma hupangwa kwa majira ya mwaka.

Alimtambua mfalme wa bandia
Totila, mfalme wa Wagothi, alitaka kumjaribu. Akamvika mbeba upanga wake mavazi ya kifalme, akampa na msafara, akamtuma Monte Cassino. Benedikto alimwona angali mbali, akamwambia avue, kwa kuwa si yake.

Dada yake alimshinda kwa mvua
Skolastika, ambaye mapokeo humtaja kuwa pacha wake, alikutana naye mara moja tu kwa mwaka. Mara ya mwisho alimsihi wakeshe wakizungumza mambo ya mbinguni, Benedikto akakataa, kwani Kanuni haikuruhusu kulala nje. Dada akainamisha kichwa akasali, na mbingu iliyokuwa nyeupe ikamwaga radi na mvua hadi kaka akashindwa kutoka. Gregori anasema dada alishinda kwa sababu alipenda zaidi. Siku 3 baadaye Skolastika alifariki, na Benedikto akamzika katika kaburi alilojitayarishia mwenyewe.

Monte Cassino imebomolewa mara 4
Walombardi waliivunja mwishoni mwa karne ya 6, Wasaraseni wakaichoma katika karne ya 9, tetemeko likaiangusha mwaka 1349, na tarehe 15 Februari 1944 ndege za Marekani zaidi ya 200 zikaipiga mabomu. Raia waliokuwa wamekimbilia humo waliuawa. Vitabu na hati zake vilinusurika kwa kuwa vilikwisha kupelekwa Roma miezi michache kabla. Ilijengwa upya, na mwaka 1964 Papa Paulo VI aliitabaruku na kumtangaza Benedikto kuwa msimamizi wa Ulaya.

Mwafrika alifundisha Ulaya tiba kutoka huko
Katika karne ya 11, Konstantino Mwafrika, mzaliwa wa Afrika Kaskazini, alikuwa mmonaki Monte Cassino. Humo alitafsiri vitabu vya tiba vya Kiarabu kwa Kilatini, na waganga wa Ulaya wakavisoma kwa karne kadhaa.

Kanuni ya Benedikto husomwa hata Ruvuma
Wamisionari Wabenediktini walifika Pugu, katika Tanzania ya leo, mwaka 1888, wakaanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Peramiho ilichomwa moto wakati wa Vita vya Maji Maji mwaka 1905, ikajengwa tena, na kwa miaka mingi imejulikana kwa hospitali yake na kiwanda chake cha uchapaji. Mkoani Ruvuma, iliko Peramiho, pia ipo Abasia ya Hanga, ambayo wamonaki wake ni Watanzania.