Kigeu Chenye Fahirisi: Istilahi ya Aljebra ya Kompyuta

Katika kazi ya kuunda istilahi, kosa dogo la neno laweza kuzaa kosa kubwa la hesabu. Hapa tunakusudia kueleza mfano mmoja utokao katika programu za kompyuta za aljebra, kama vile Maple, iliyoanza kutungwa mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na SymPy.

Programu hizo hazikokotoi tarakimu peke yake. Herufi x yaweza kubaki herufi isiyo na thamani, ikajumlishwa na kuzidishwa kama afanyavyo mwanafunzi ubaoni. Hicho tunakiita kigeu cha alama.

Vigeu vikiwa vingi huhitaji nambari za kuvitambulisha, na hapa ndipo penye mashaka. Mfasiri aweza kuandika kipeo, kwa kuwa Kiingereza hutumia neno lile lile kwa maana zote mbili. Na tuchukue magunia ya mahindi ya mashamba matatu: la kwanza 2, la pili 5, la tatu 4. Jumla ni 11. Lakini nambari za mashamba zikisomwa kuwa vipeo vya 2, tutapata 2, 4 na 8, jumla yake 14. Swali limekwisha kuwa jingine.

Kwa hiyo tunapendekeza neno fahirisi. Katika kitabu, fahirisi humwonyesha msomaji mahali pa neno. Hapa humwonyesha mahali pa kigeu katika safu.

Iko tofauti nyingine. Katika SymPy, agizo symbols('x0:5') huunda vigeu vitano, x0 hadi x4. Tarakimu hapo ni sehemu ya jina tu, na programu haioni uhusiano wowote baina ya x1 na x2. Lakini x ikiundwa kwa agizo IndexedBase, twaweza kuandika x[i], na fahirisi i yenyewe ikawa haijulikani bado. Hivyo jumla ya x[i] kuanzia 1 hadi n huandikika kabla ya kujua idadi ya mashamba. Cha kwanza tukiite kigeu chenye jina la nambari. Cha pili, kigeu chenye fahirisi.

Walimu na wafasiri wanaombwa kuyajaribu maneno haya katika kazi zao, na kutuletea maoni yao.